Betri ya baiskeli ya umeme wakati wa baridi kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila Novemba, theluji ya kwanza ikianguka. Wanaouliza ni Waswahili wenzetu wanaoishi nchi za baridi: anayewahi zamu ya alfajiri hospitalini Oslo, mwanafunzi wa Hamburg, kijana anayepeleka chakula Toronto au Minneapolis. Betri ya baiskeli ya umeme ni ghali, mara nyingi ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye baiskeli, na nyingi zinazokufa mapema zingeweza kuokolewa. Majibu yamepewa namba ili usisome jambo moja mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Julai chaji moja ilinifikisha kilomita 50. Sasa hata 30 sifiki. Betri imekufa?

Haijafa, usiwe na haraka ya kununua nyingine. Chukua betri ya kawaida ya volti 36 na ampea-saa 14. Ukizidisha unapata wati-saa 504, na hiyo ndiyo namba ya kutafuta kwenye kibandiko, maana ndiyo inayosema umebeba umeme kiasi gani. Kiangazi, mtu anayetumia wati-saa 10 kwa kilomita anafika hizo 50.

Sasa baridi imeshuka karibu na sifuri. Betri inaweza kukunyima robo ya umeme wake, ukabaki na kama 378. Wakati huohuo matumizi yamepanda: tairi zinasukuma theluji, upepo wake umepungua kwa baridi, koti nene linakamata hewa, grisi imekuwa nzito. Matumizi yakifika wati-saa 13 kwa kilomita, safari yako inaishia kilomita 29, na hakuna kilichoharibika. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hata nusu ya safari inaweza kupotea.

Ukitaka kujua afya ya betri, ipime siku yenye nyuzi 15 au zaidi, kwenye njia uliyoizoea. Umbali wa Januari haukuambii lolote kuhusu uzee wa betri.

2. Baridi inafanya nini huko ndani?

Betri ya volti 36 ina seli 10 zilizofuatana, kila moja ya volti 3.6, na kila seli mara nyingi ina ndugu zake kadhaa pembeni za kuongeza uwezo. Ndani ya seli kuna kimiminika ambamo ayoni za lithiamu, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, husafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baridi inakifanya kizito, safari ya ayoni inakuwa ngumu, na ukinzani wa ndani unapanda. Umeme upo, ila hautoki kwa kasi ambayo mota inautaka. Betri ikipata joto tena, uwezo unarudi. Ndiyo maana betri iliyolala ndani ya nyumba na iliyolala barazani, za aina moja na umri mmoja, zinaonekana asubuhi kama betri mbili tofauti kabisa.

3. Betri ikilala nje usiku kucha inaharibika?

Baridi peke yake haiidhuru sana. Kimiminika cha ndani hakigandi kwenye nyuzi sifuri kama maji, na betri iliyotulia kwenye ubaridi huzeeka polepole kuliko iliyotulia kwenye joto. Hatari ziko pembeni: unyevu unaoingia kwenye pini, mwizi, na zaidi ya yote wewe kuichomeka kwenye chaja asubuhi ikiwa bado imeganda (swali la 5). Bosch, watengenezaji wa mota na betri za baiskeli za umeme, wanashauri betri ihifadhiwe mahali pakavu penye nyuzi 10 hadi 20, na kwa nyumba nyingi hiyo inamaanisha korido au stoo ya ndani. Ukiweza kuipandisha ngazi, ipandishe.

4. Niitoe kila siku kweli? Ina kilo tatu na naishi ghorofa ya nne.

Ikiwa usiku unashuka chini ya sifuri, ndiyo. Inakupa mambo matatu kwa mpigo: inachajiwa kwenye joto, inaanza safari ikiwa na nguvu zake zote, na mwizi anakuta fremu tupu. Usiku wa nyuzi 5 au 6 juu ya sifuri, kama huna haja ya kuchaji, unaweza kuiacha kwenye baiskeli bila wasiwasi.

Ukiitoa, funika sehemu ya fremu inapokaa. Theluji ikiingia kwenye pini na kuyeyuka, kesho utapachika betri nzuri juu ya maji ya chumvi. Kuna vifuniko vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Hata mfuko safi uliofungwa vizuri unatosha.

## Kuchaji

5. Kwa nini nakatazwa kuchaji chini ya sifuri, wakati kuendesha naruhusiwa?

Kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, lisome hili.

Unapoendesha, ayoni za lithiamu zinatoka upande hasi wa seli, ambako zilikuwa zimejipenyeza kati ya tabaka za grafiti, aina ya kaboni. Kutoka si kazi kubwa hata kwenye baridi, zinachelewa tu. Unapochaji zinalazimika kurudi na kujipenyeza upya, na grafiti ya baridi inazipokea polepole mno. Chaja inaendelea kusukuma. Ayoni zinazokosa pa kuingia zinageuka kuwa metali ya lithiamu na kujipaka juu ya grafiti badala ya kuingia ndani yake.

Sehemu ya lithiamu hiyo hairudi kazini tena. Umepoteza uwezo, na joto la kiangazi halitaurudisha. Ukiendelea hivyo siku baada ya siku, metali hiyo inaweza kukua kama sindano nyembamba hadi ikatoboa utando unaotenganisha pande mbili za seli. Pande hizo zikigusana, umeme wote wa seli unatafuta njia hapohapo, na hiyo ni mojawapo ya njia ambazo moto wa betri huanza.

Ubaya wake ni kwamba siku ile huoni kitu. Taa ya chaja inawaka kama kawaida, asilimia zinapanda, baiskeli inakwenda. Hasara inajitokeza miezi baadaye, na hapo watu wanalaumu theluji wakati kosa lilikuwa kuchaji kwenye kibanda cha nje.

Bosch na Shimano, mtengenezaji mwingine mkubwa, wote wanataja nyuzi 0 hadi 40 kuwa mpaka wa kuchaji. Mimi nakushauri usikaribie mpaka. Nyuzi 0 ni ya seli yenyewe, si ya hewa ya chumbani, na huna kipimajoto ndani ya betri. Chaji kuanzia nyuzi 10 kwenda juu, na joto la kawaida la chumbani ndilo bora.

6. Nimeingia nayo ndani, imekuwa ya baridi kama nini. Nisubiri muda gani?

Ikiwa ilikuwa nje kwa muda mrefu kwenye baridi ya chini ya sifuri, saa mbili hadi tatu. Gamba la nje linapata joto mapema na kukudanganya. Seli zilizobanana katikati zinachelewa. Iguse upande wa chini. Ikiwa bado inauma viganja, ngoja.

Pia itatoka jasho. Hewa ya ndani ina unyevu, na unyevu huo hutua juu ya kitu cha baridi. Ifute kwa kitambaa kikavu, iache imesimama, na usichomeke chaja mpaka pini na tundu la kuchajia viwe vikavu kabisa.

Ikiwa umetoka kuendesha sasa hivi kwa saa nzima, seli zina joto lililotokana na kazi, na nusu saa mara nyingi inatosha. Ukiwa na shaka, saa mbili.

7. Siwezi kuipasha haraka juu ya radieta, au kwa mashine ya kukaushia nywele?

Hapana. Radieta inaweza kupasha seli za upande mmoja kupita kiasi wakati za upande wa pili bado ni baridi, na betri hufanya kazi vizuri pale seli zake zote zinapokuwa na hali moja. Joto kali nalo linazeesha. Chupa ya maji ya moto, blanketi la umeme, oveni iliyozimwa ikiwa bado ya vuguvugu: vyote vimeulizwa, na jibu ni lilelile. Meza ya jikoni inatosha.

8. Chaja inawasha taa kisha inakataa. Imeharibika?

Huenda inakulinda. Betri nzuri zina sakiti ya ulinzi yenye kipimajoto, na sakiti hiyo inafunga mlango wa kuchaji seli zikiwa baridi mno. Iache ipate joto (swali la 6), toa chaja ukutani na kwenye betri, kisha jaribu tena. Ikikataa hata baada ya usiku mzima chumbani, futa pini, jaribu soketi nyingine, halafu umwone fundi. Usihesabu kwamba kila betri ina ulinzi huo. Nyingi za bei ya chini hazina kipimajoto cha kuzuia kuchaji, nazo zitakubali umeme kwenye baridi yoyote bila kulalamika.

9. Nichaji mpaka 100 au niishie 80?

Kiangazi mimi hupendekeza 80 kwa mtu asiyehitaji zaidi, kwa sababu betri iliyojaa pomoni na kukaa kwenye joto huzeeka haraka. Wakati wa baridi unahitaji kila wati-saa, kwa hiyo jaza 100 usiku ule ambao kesho yake unaendesha. Kinachoumiza ni kuijaza Ijumaa na kuiacha hadi Jumatano.

Kwa upande wa chini, usiisubiri ifike sifuri. Ukiona 20, maliza safari ukachaji. Betri ya baridi yenye chaji ndogo ndiyo inayozima ghafla (swali la 11).

10. Betri yangu imefungwa ndani ya fremu, haitoki. Nifanye nini?

Baiskeli nzima inahitaji mahali pa joto. Chumba cha baiskeli kilichomo ndani ya jengo mara nyingi hakishuki chini ya nyuzi 5, na gereji ya chini ya ghorofa ni afadhali zaidi. Nunua kipimajoto cha kutundika ukutani, uone penyewe panafika nyuzi ngapi alfajiri, kisha uamue. Kazini nako uliza: waajiri wengi wana stoo ambayo hakuna anayeitumia.

Kama hakuna njia ila kuchajia kwenye baridi ya nyuzi 2 au 3, fanya hivyo mara tu unapofika, seli zikiwa bado na joto la safari, na usiache ikachajiwa usiku kucha. Chini ya sifuri, usichaji. Ni afadhali upande basi siku hiyo.

## Barabarani

11. Kioo kinaonyesha asilimia 35, nimeanza kupanda mlima, ikazima kabisa. Kwa nini?

Mota ikidai umeme mwingi kwa mpigo, volti ya betri ya baridi inaporomoka kwa muda. Sakiti ya ulinzi ikiona volti imegusa kiwango cha chini, karibu 30 kwa betri ya volti 36, inakata umeme kuokoa seli. Asilimia 35 ilikuwa ya kweli. Mlima ulikuja na dai kubwa kuliko seli zilivyoweza kutoa kwa wakati huo.

Zima mfumo, subiri dakika chache, washa tena, panda kwa msaada wa chini kabisa na gia nyepesi. Mara nyingi itakufikisha. Ikifanya hivyo hata siku za joto, hapo betri yenyewe ina kasoro na inahitaji kupimwa.

12. Nawezaje kupata kilomita zaidi?

Anza na betri ya joto. Ipachike dakika ya mwisho, ukiwa umeshavaa glavu na kofia, uondoke. Betri inayofanya kazi hujipasha yenyewe kidogo, kwa hiyo ikianza na nyuzi 20 inaweza kubaki na joto sehemu nzuri ya safari, lakini ikianza imeganda itahangaika mpaka ufike.

Dakika kumi za mwanzo tumia msaada mdogo. Shuka gia kabla ya kuondoka kwenye taa, usiiachie mota mzigo wote. Kagua upepo wa tairi kila wiki, maana hewa ya ndani hupungua nguvu kwenye baridi. Tairi za misumari zinakula umeme zaidi, lakini kwenye barafu usizivue kwa ajili ya kilomita tatu. Mfupa wa nyonga ni ghali kuliko betri.

Wapeleka chakula wanaosimama nje ya mgahawa dakika 20 wakisubiri oda: ingia nayo ndani kama unaruhusiwa, au angalau simama pasipo na upepo. Betri ya akiba ikae kwenye begi, ndani ya kitambaa kinene, pini zake zimefunikwa, mbali na funguo na sarafu.

13. Mfuko wa neoprini (mpira laini wa kukinga baridi) unasaidia?

Unasaidia betri iliyoanza safari na joto lisitoke haraka, na unazuia matope na chumvi. Hautengenezi joto. Ukiuvisha juu ya betri iliyolala nje, umeuhifadhi ubaridi. Uvue wakati wa kuchaji. Mota usiifunike, yenyewe inahitaji kupoa.

14. Barabara zimemwagiwa chumvi. Inaathiri betri?

Chumvi haiingii kwenye seli, ila inakula pini. Ukiona rangi ya kijani kwenye pini za shaba, kutu imeshaanza. Mguso mbaya unapandisha joto mahali pale, na baiskeli inaanza kuzimazima kwenye mashimo, jambo ambalo watu wengi hulidhania ni betri kufa.

Kila wiki toa betri, futa pini kwa kitambaa kikavu, paka grisi maalumu ya vifaa vya umeme kwa uchache kabisa. Baiskeli ioshwe kwa ndoo na sponji, maji ya vuguvugu. Bomba la shinikizo, lile la kuoshea magari, linasukuma maji kupita mipira ya kuzibia hadi ndani ya mota na tundu la betri.

## Moto, nyumba na majirani

15. Mnasema nichaji ndani. Mbona tunasikia betri zinaunguza nyumba?

Mnasikia kweli. Mwaka 2023 Idara ya Zimamoto ya New York ilihesabu mioto 268 iliyosababishwa na betri za lithiamu-ayoni, na watu 18 walikufa. Waendeshaji wa delivari, wengi wao wahamiaji, ndio walio karibu zaidi na hatari hii, kwa sababu wanachaji kila siku, katika vyumba vidogo, mara nyingi kwa vifaa vya bei wanayoimudu. Kwa hiyo ushauri wa kuchaji ndani una masharti, na sitaki mtu achukue nusu yake.

Tumia chaja iliyokuja na betri, au ile ambayo mtengenezaji ameitaja kwa jina. Chaja ya volti 48 ina kichwa kinachoweza kuingia kwenye betri ya volti 36, nayo itaisukuma mpaka ishindwe. Chomeka moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kurefusha uliounganishwa na mwingine. Weka betri juu ya vigae au sakafu ya zege, si kitandani, si kwenye zulia, wala si chini ya makoti.

Usichajie kwenye korido inayokwenda mlangoni. Moto wa betri ukiziba mlango mmoja wa fleti ya ghorofa ya tano, hakuna pa kutokea. Ichajie kwenye chumba chenye mlango unaoweza kuufunga, na kengele ya moshi inayofanya kazi, ibonyeze uisikie. Chaji ukiwa macho. Betri ya wati-saa 504 kwa chaja ya ampea 2 inachukua kama saa saba kutoka tupu, kwa hiyo ukirudi kazini jioni, anza ikishapata joto, na itoe unapokwenda kulala hata kama haijajaa.

16. Kuna betri ya nusu bei, imeundwa upya na fundi. Ninunue?

Usinunue. Betri inayoundwa kwa seli zilizotolewa kwenye betri kuukuu ina seli za umri na uchovu tofauti, na baridi inaongeza tofauti hizo: seli dhaifu inaporomoka kwanza na nyingine zinaisukuma kupita uwezo wake. New York imepiga marufuku uundaji wa aina hiyo.

Tafuta alama ya viwango vya usalama. Marekani na Kanada angalia UL 2271 kwa betri na UL 2849 kwa mfumo mzima wa baiskeli. Tangu Septemba 2023 New York inakataza kuuza vyenye kukosa uthibitisho kama huo. Ulaya angalia EN 50604-1 kwa betri na EN 15194 kwa baiskeli. Namba iliyoandikwa kwenye tangazo haitoshi, iwepo kwenye kibandiko cha betri yenyewe. Kama fedha ni tatizo, betri ndogo ya kweli ya wati-saa 400 ni bora kuliko kubwa isiyojulikana ilikotoka.

17. Mwenye nyumba amekataza betri ndani ya jengo.

Soma mkataba kwanza, kisha zungumza naye ukiwa na karatasi mkononi: alama za usalama (swali la 16) na mpango wako wa kuchaji (swali la 15). Baadhi hukubali chumba cha chini chenye soketi. Akikataa kabisa, chajia kazini, au tafuta duka la baiskeli linalohifadhi na kuchaji. Kuificha chini ya kitanda kunakuweka kwenye hatari ya moto na ya kufukuzwa kwa pamoja.

18. Betri imeanza kuvimba, kunuka, au kutoa mlio wa kufoka. Nifanyeje?

Ikiwa moshi umeanza, toka na watu wote, funga mlango nyuma yako, piga 112 Ulaya au 911 Marekani na Kanada. Sema neno betri ya lithiamu. Usiibebe kuipeleka nje. Seli huripuka moja baada ya nyingine, na moshi wake una sumu. Hata ukiona umezimika, unaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa.

Ikiwa imevimba tu, imeanguka vibaya kwenye barafu, au imeingia maji, usiichaji tena. Iweke nje mbali na ukuta, mahali pasipofikiwa na watoto, na upigie duka au zimamoto kwa namba ya kawaida uulize inapelekwa wapi.

## Kuiacha muda mrefu, na kusafiri

19. Naenda nyumbani Mombasa wiki sita, Desemba na Januari. Betri niiacheje?

Ichaji au uitumie mpaka ifike kati ya asilimia 30 na 60. Itoe kwenye baiskeli, kwa sababu hata baiskeli iliyozimwa inaweza kunyonya kidogo kidogo. Iweke kabatini au stoo ya ndani, mahali pakavu. Chaja ichomolewe ukutani. Usiiache kwenye chaja "ili ijitunze".

Ukizima hita ya nyumba na chumba kikashuka hadi nyuzi 5, betri haitaumia. Ukirudi, iache ipate joto la chumba siku nzima kabla ya kuijaza.

Kwa asiyeendesha kabisa Novemba hadi Machi, ni hivyohivyo, ila iangalie kila baada ya mwezi au miwili. Ikishuka chini ya 30, ongeza. Kwa betri ya ampea-saa 14 na chaja ya ampea 2, kutoka 20 hadi 60 ni karibu saa tatu. Kama huna taa za kuonyesha asilimia, betri ya volti 36 ikipimwa kwa mita isome kati ya 36 na 38. Baadhi ya betri hazitoi volti kwenye pini mpaka ziwashwe na baiskeli, kwa hiyo sifuri kwenye mita si lazima iwe kifo.

20. Niliiacha tupu tangu Novemba, sasa haipokei chaji. Kuna mtu anasema anaweza "kuiamsha".

Najua inauma, lakini mwache. Betri iliyoachwa tupu inaendelea kupungua taratibu hadi seli zinashuka chini ya kiwango chao. Hapo karatasi ya shaba iliyo ndani ya upande hasi inaanza kuyeyuka ndani ya kimiminika, na ukichaji tena shaba hiyo inajikusanya mahali pasipo pake na kuweza kuunganisha pande mbili. Sakiti ya ulinzi inakataa kwa sababu hiyo. Anayeipita sakiti kwa kuunganisha waya moja kwa moja kwenye seli ameondoa kinga pekee uliyokuwa nayo. Mpelekee fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji, aipime, na ukubali jibu lake.

21. Naweza kuja nayo kwenye ndege?

Baiskeli ndiyo, betri hapana. Ndege za abiria zinaruhusu betri za lithiamu-ayoni hadi wati-saa 100, na kuanzia hapo hadi 160 kwa idhini ya shirika. Betri ya baiskeli ina 400, 500 au zaidi, kwa hiyo hairuhusiwi, iwe mkononi au kwenye sanduku la chini. Usijaribu kuificha.

22. Na kwenye pipa ninalowatumia ndugu kwa meli?

Betri za lithiamu ni mzigo hatari wa daraja la 9. Zinasafiri kwa meli, lakini zikiwa zimetangazwa, zimefungashwa na kuwekewa alama inavyotakiwa. Ukiizungushia mashuka na viatu vya watoto ndani ya pipa bila kusema, unahatarisha kontena zima la mizigo ya watu, na mabaharia. Mwambie wakala wazi. Akisema hachukui, tuma baiskeli na betri inunuliwe huko.

## Maswali ya pembeni

23. Baiskeli yangu inarudisha umeme ikifunga breki. Kwenye baridi ni salama?

Swali zuri. Kurudisha umeme ni kuchaji, na yote ya swali la 5 yanahusika. Mifumo mizuri hupunguza au kuzima jambo hilo seli zikiwa baridi. Kama wako unaruhusu kulizima kwenye mipangilio, lizime kuanzia siku za sifuri, hasa ukiwa unateremka mlima mrefu mwanzoni mwa safari betri ikiwa imejaa.

24. Yangu ni betri ya asidi, ya zamani. Kanuni ni hizihizi?

Kwenye kuhifadhi ni kinyume. Betri ya asidi iliyo tupu huharibika, na kwenye baridi kali inaweza hata kuganda, kwa hiyo ihifadhi ikiwa imejaa. Za lithiamu-fosfeti ya chuma, zinazosifiwa kwa kutoshika moto kirahisi, nazo hazitaki kuchajiwa chini ya sifuri.

25. Ndugu yangu yuko Makete na anataka baiskeli ya umeme. Ahofie?

Makete na Kitulo, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huwa na umande ulioganda alfajiri za Juni na Julai, kwa hiyo betri ilale ndani na ichajiwe mchana. Baada ya hapo hali ya hewa ya huko ni rafiki wa betri kuliko Dar es Salaam, ambako joto, hasa la betri iliyojaa ikaachwa juani, ndilo linalozeesha.

26. Betri imefika mwisho wake. Naipeleka wapi?

Katika Umoja wa Ulaya duka linalouza betri za aina hii linawajibika kupokea iliyokufa bila malipo. Marekani na Kanada, maduka mengi ya baiskeli na vituo vya taka hatari vya manispaa huzipokea; piga simu kwanza. Bandika utepe wa plastiki juu ya pini kabla ya kuibeba, usiitupe kwenye pipa la taka la jengo, na kama imevimba au imeanguka, waambie kabla hujafika nayo mlangoni.